Zipu ya Gauni la Sare na Upinde wa Anjela

Wenzangu, aibu hii siwezi kuificha, maana jirani yangu Mama Irene alikuwepo, na Mama Irene akishaona kitu basi Temeke nzima imeona, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Anjela, wa mwanangu Yustina, anajifunza kulenga kwa upinde kwenye uwanja wa shule hapa Temeke. Jumamosi ile kocha wao, kijana anaitwa Elisha, alikuwa anachagua watoto wa kwenda kushindana Dodoma, na Anjela alikuwa na shida moja tu, akivuta upinde mkono unamtetemeka, mshale unakwenda unakojua wenyewe. Wiki nzima mtoto analia. Nikamwambia nakuja.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Mie tangu nije Dar sijawahi kutoka bila khanga, lakini siku ile nikasema wazazi wenzangu watakuja wamependeza, ngoja nivae lile gauni la sare ya harusi ya Yustina, alilonishonea Fundi Rashidi wa Tandika, lenye zipu mgongoni (lilinibana tangu siku ile ile, na mie sijapungua), khanga nikaiacha kwenye kiti. Mpaka leo naiona pale kwenye kiti.

Tumefika, Anjela anajaribu, mkono unatetemeka, bega limepanda mpaka sikioni. Na baba yangu, Mzee Damasi, alikuwa mwindaji kule Kondoa, alitufundishaga sie wote, wa kike na wa kiume. Nikashindwa kukaa.

"Anjela, unavuta kwa mkono. Vuta kwa mgongo."

"Ndicho ninachomwambia kila siku, bibi," Elisha akasema. "Haelewi tu."

"Mgongo unavutaje?" Anjela akauliza, machozi yakimlengalenga. "Mgongo hauna vidole."

Mama Irene akacheka. Basi nikasema nipeni huo upinde.

Nikasimama kama alivyonisimamisha baba, bega chini, kiwiko nyuma, nikayasogeza yale mafupa mawili mapana ya mgongoni yakutane, kama mtu anayebana karanga katikati yake, na kamba ikaja yenyewe, mkono umetulia tuli. Nikasikia krrrr. Nikadhani ni upinde (pinde za siku hizi huenda zinalia, nitajuaje). Uwanja mzima ukanyamaza. Nikajua wamenikubali, nikazidi kubana.

"Bibi," Elisha akasema taratibu, "rudisha kamba polepole, usiiachie."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Zipu imekufa."

Mengine niliambiwa na upepo. Gauni limefunguka kutoka shingoni mpaka kiunoni, mgongo wote nje mbele za watu, na mikono yangu yote miwili imeshika upinde. Mama Irene kaja na kipochi tu, kizuri, hakifuniki kitu. Elisha akachukua kitambaa cha shabaha cha akiba, kile chenye miduara ya rangi, akanitanda nacho, lile doa la njano la katikati, ndilo la kulengwa, likakaa katikati ya mgongo wangu.

"Bibi, nimeona," Anjela akaninong'oneza.

"Kila mtu kaona."

"Mafupa, bibi. Nimeona yanavyokutana."

Akaenda kwenye mstari. Bega likashuka, kiwiko kikarudi nyuma, mkono haukutetemeka. Mshale wa kwanza ukapiga chini kidogo, wa pili ukaingia kwenye njano, na uliofuata ukakaa pembeni yake. Elisha akamtazama, akasema, "Wewe, Dodoma."

Nikatoka uwanjani nimejitanda shabaha, Mama Irene nyuma yangu. "Mama Yustina, tembea haraka, tutakulenga."

"Lenga," nikamwambia, "ila uvute kwa mgongo."

Khanga siiachi tena, hata nikienda bombani kuchota maji. Gauni nimemrudishia Rashidi, nimemwambia atoe zipu na aongeze kitambaa mgongoni, kingi, maana Dodoma nakwenda na mie, na mtoto wa mtu akiniuliza mgongo unavutaje, namwonyesha.