Tivi Tatu kwa Dikoda Moja

Mimi ndiye niliyemwangukia mama mkwe wangu. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Garsen, maana wao wakisimulia huongeza chumvi na kucheka mpaka machozi, mara eti nilimkalia, mara nilimkumbatia, na sivyo. Nilimwangukia tu, kifudifudi, kichwa changu mapajani mwake, pazia limenifunika kama sanda, naye kichwa wazi bila mtandio, na mbele yetu kwenye tivi wanawake wa Kizungu wanacheza mchangani na vichupi. Mama mkwe! Mtu ambaye kwetu Ndera ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukaa naye chumba kimoja, nilijua sauti yake na kanga zake za mbali, basi. Siku ile nilijua mpaka harufu ya mafuta anayopaka nywele.

Lakini sikuanguka, niliangushwa. Walioniangusha ni wawili na nawataja: Shebe, fundi wa redio, mtu wa Kipini, na Galgalo, Mworma mwenye ng'ombe, aliyekuwa rafiki yangu. Ngojeni niwarudishe mwanzo.

Mafuriko ya Elnino yalichukua nyumba yangu Ndera, na migomba, na mbuzi, Mungu akatuachia roho. Mke wangu Halima nilimpeleka kwa wazazi wake, huko huko Ndera lakini upande wa juu ambako maji hayakufika, mimi nikashuka Garsen nikapata kazi ya kulinda trela. Kampuni moja ya barabara ilikuwa imeleta trela la bati, ndani vyumba viwili vimegawanywa na pazia, na injinia wao akaweka humo tivi, dikoda, jenereta, na juu dishi pana kama ungo wa kupepetea mpunga wa kijiji kizima. Halafu kazi ikasimama, injinia akaenda likizo mpaka leo, nikabaki mimi na trela.

Nyinyi hamjakaa peke yenu ndani ya bati. Mchana linalia kwa jua, tik, tik, na jioni mbu, na wa kukuuliza "umekula?" hakuna. Nilikuwa nawasha tivi si kwa kutazama, nisikie tu mtu anaongea, hata kama ni Kiarabu ambacho sikijui (shule yenyewe nilifika darasa la tatu). Chai nilikuwa napika ya watu wawili kwa mazoea, kikombe kimoja kinapoa pale, baadaye nakinywa mimi.

Nikatuma watu kwa baba mkwe, Mzee Barisa, nipewe mke wangu. Jibu likarudi: "Nilimwoza mtu mwenye nyumba. Binti yangu haendi kuishi ndani ya gari."

Hapo ndipo nikafanya ujanja. Mzee Barisa maisha yake yote hamu yake ni kuiona Makka, na stesheni moja ya Waarabu ilikuwa inaonyesha Makka kutwa, watu wanaizunguka Kaaba. Nikamtumia salamu, baba, ndani ya hilo gari Makka inaonekana. Jibu likaja upesi: nakuja, na mama mkwe wako anakuja, na Halima atabeba vitu vyake, nikiridhika namwacha hapo hapo.

Sasa tivi ni moja, na mimi na mama mkwe hatuwezi kukaa pamoja. Mtu mwenye akili angetoka nje akakae na jenereta, mambo yakaisha. Mimi nilitaka nionekane mwenye nyumba, nikae na baba mkwe chumba cha mbele, kina mama wawe nyuma ya pazia na tivi yao. Nikaenda kwa Shebe.

"Tuliya, kakangu," akasema, "kazi hii mimi nayuwa." Akaazima tivi ya hotelini kwa ajili ya kina mama, akaleta na ya kwake mwenyewe ambayo sikumwomba, akaitega nje kwenye ngazi ili mji mzima ujue Shebe ni fundi. Akaleta kidude cha kugawanya waya, akatandaza nyaya kutoka dikoda moja kwenda tivi tatu, moja akaipitisha chini ya pazia, imeinuka kama mtego wa ndege.

Nikamuuliza, "Na hawa wa nje wakitaka mpira?"

"Wape mpira wao. Kila tivi ina roho yake."

"Hata dikoda ikiwa moja?"

"Weye kazi yako ni kulinda. Linda."

Wageni wakafika na lori la Hola baada ya adhuhuri. Halima akashuka na godoro limefungwa kamba na sufuria zake, akaviweka chini ya ngazi, akanitazama, akacheka kidogo. Mzee Barisa akaingia, akagonga ukuta kwa bakora.

"Gari hili linatembea?"

"Halina kichwa, baba. Haliendi popote."

Akafikiri. "Basi ni nyumba."

Nilitaka kulia. Makka ikatokea, mzee akavua viatu, akainua mikono akaomba dua. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa analia kwa furaha, na mara ya kwanza nikamsikia ananiombea mimi: "Mungu amlipe kijana huyu, amjaze nyumba yake." Kaeni na maneno hayo, maana ndiyo ya mwisho mazuri niliyoyasikia.

Nje, watu walikojaa mbele ya tivi ya Shebe, Galgalo akaanza. "Sisi nakaa hapa kama ng'ombe, naangalia watu nazunguka tu! Weka mpira!"

"Shika, tafuta mwenyewe," akasema Shebe. Nilimsikia kwa masikio haya. Akampa rimoti ya dikoda.

Galgalo akaingiza mkono dirishani, akaielekeza kwa dikoda kama mtu anayetupa mkuki. Makka ikapotea. Ikaja habari, ikaja katuni, wakaja wale wanawake wa mchangani, na mikono ya baba mkwe bado iko juu inaomba dua. Nikaruka nikazima tivi yetu. Nikashukuru. Kumbe nimezima moja tu, roho ya zile nyingine ni ile ile.

"Ndiyo Makka hii?" mama mkwe akapiga kelele nyuma ya pazia. "Halima, zima! Zima kitu hiki!" Halima hajui pa kuzimia. Na nje wanaume wanapiga miluzi, "Acha hapo hapo, Galgalo! Usiguse!"

Nikasahau mila, nikasahau kila kitu, nikakimbilia pazia, mguu ukanasa kwenye waya wa Shebe. Yaliyobaki mnayajua.

Mama mkwe hakupiga kelele tena. Alijifunika uso, akasema polepole, "Halima, vitu vyako."

Chumba cha mbele Galgalo alikuwa ametupa rimoti ndani kupitia dirishani akakimbia, nayo ikaangukia wapi? Kwenye kiti changu. Mzee Barisa akaiokota. "Hii ilikuwa kwako," akasema. "Kumbe ndiyo unayoangalia humu peke yako."

"Si mimi, baba! Shebe, waambie!"

Shebe alikuwa ameinama anaviringisha nyaya. "Mimi ni fundi wa waya tu," akasema. "Yanayoonyeshwa, mwulizeni mwenye trela."

Halima kabla ya kupanda lori alisimama. "Niambie nani alishika rimoti."

"Galgalo."

"Yuko wapi aseme?"

Nikageuka. Hakuna mtu. Lori likaondoka, pale ngazini ukabaki mfuniko mmoja wa sufuria. Ninao mpaka leo, nafunikia ile chai ya pili.

Tivi sijawasha tena na sitawasha, hata nikae kimya mpaka nisahau kuongea. Halima sijampa talaka. Mzee Barisa amekufa, Mungu amrehemu, sasa neno liko kwa mama mkwe, na yeye ndiye mtu mmoja duniani ambaye mimi siwezi kusimama mbele yake nikajitetea.

Kwa hiyo wewe Shebe, najua uko Kipini, na wewe Galgalo, ng'ombe zako nawaona wakipita hapa na wewe unatazama upande mwingine. Pandeni lori mwende Ndera. Msinijibu mimi. Mkajibu kwa mama mkwe: nani alitoa rimoti na nani aliipokea. Nitawasindikiza mpaka karibu na boma. Mimi nitangoja majanini, nimegeuza uso.