Moshi wa Gari la Mjomba

Juzi hapa gereji kwangu Manundu nilifungua sensa ya oksijeni, kile kipimo cha kwenye bomba la moshi, kwenye gari kuukuu la mdogo wangu Zaina lililokuwa likitoa moshi mweusi. Ilikuwa nyeusi tii, inanuka petroli. Sikusomea ufundi, lakini ugonjwa huo wa magari naujua kwa pua tu.

Harufu ile ilinirudisha utotoni, barabara ya Sindeni. Mjomba alikuwa anamkimbiza mama Korogwe akajifungue, gari likitapika moshi mweusi. Nilidhani ndiyo nguvu.

"Kanyaga, mjomba!"

"Nyamaza! Mafuta yanaisha!"

Mama aliuma kanga. "Kaka, sifiki."

Gari likazimika porini. Kumbe moshi ule ulikuwa petroli yetu, inapotea bila kuungua.

Zaina alizaliwa kiti cha nyuma, akalia kwa nguvu, na mama akacheka.

Hiyo juzi nilimfungia Zaina sensa mpya, nikawasha gari lake. Moshi ukakatika.

"Nenda," nikamwambia. "Utafika."