Imelala, Bibi

Mjomba alinipigia simu nikiwa kwenye kivuko, Kamanga imeshabaki nyuma, akaniuliza swali ambalo nimelikimbia tangu nina miaka minane.

"Zile bunduki za mama kesho nazirudisha kituo cha polisi. Kibali kilikuwa chake, na yeye hayupo tena. Wewe ndiye unayezijua. Zimelala?"

Nikamwambia mtandao unakatakata. Haukuwa unakatakata.

Ngoja nikueleze, maana mpaka leo sijamweleza mtu. Bibi alikuwa fundi cherehani pale Mkolani, mtu wa Kagera aliyeolewa huku akabaki huku. Babu alipofariki alimwachia bunduki mbili za upepo, zile za zamani za kukunja: unakunja mtutu kwenda chini, springi nene inajikaza, ukiiachia inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa. Zote mbili zilikuwa mbovu. Bibi alizifungua kwa udadisi tu, akakuta kipande cha ngozi kilichooza kwenye kichwa cha pistoni. "Kumbe ni cherehani yenye kifua kibovu," akasema, akakata ngozi mpya kwenye kiatu changu cha shule kilichonibana.

Baada ya hapo ikawa kama homa. Watu wakisikia wanamletea za kwao, wanaondoka na nguo. Moja ilivuka kutoka Sengerema imeviringishwa kwenye mkeka, mwenyewe akarudi na koti la harusi. Zikafika saba. Bibi hakuwahi kupiga hata ndege. Alilenga kopo la maziwa ya unga juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akilikosa anacheka mpaka anakaa chini.

Ngozi za pistoni alizilainisha kwa mafuta ya sangara aliyoyachemsha mwenyewe. Kwa hiyo kasha la bunduki lilinuka samaki, na paka wa mtaa mzima walilala juu yake. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Butimba, alikuwa akipita anaziba pua. "Mama, hizi silaha zako zitakamatwa kwa harufu, si kwa mlio."

"Mwalimu, ukiogopa harufu nenda kale chaki," bibi anamjibu, huku anamsogezea sahani ya senene wa kukaanga.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kila Jumamosi. Aliniita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu wa kike. Nilifuta kutu kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na nilijifunza lugha yake. Bunduki ambayo springi yake imelegea imelala. Iliyokazwa iko macho. Sheria ilikuwa moja: usiguse kitu mpaka umeuliza imelala au iko macho. Kama huna uhakika, kunja mtutu kidogo. Ukiwa mzito, imelala. Ukiwa mwepesi, iko macho, toa vidole.

Siku ile bibi alikuwa ameikaza ile ya Sengerema aipake grisi, akaitwa getini na mteja aliyetaka gauni lake. Akaniambia niilinde. Niliilinda, nikicheza na vifungo. Aliporudi alikuwa na pini mdomoni na hasira za mteja kichwani.

"Mke mwenzangu, imelala?"

Nikaitazama. Ilikuwa imelala. Ubavu juu ya vipande vya kitenge, mtutu umekunjwa, imetulia kama mtu aliyejipumzisha. "Imelala, bibi."

Akaingiza kidole kwenye bawaba kupangusa. Paka akaruka mezani, akakanyaga kifyatulio, mtutu ukajifunga.

Mlio ulikuwa kama mlango wa kabati. Kisha bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lete kanga." Ncha ya kidole chake cha shahada haikuwepo.

Kule zahanati bibi alisema ni cherehani. Muuguzi akacheka. "Bibi, cherehani gani inakula mfupa?"

"Ya zamani, mwanangu. Za zamani zina meno."

Akanitazama juu ya bega la muuguzi. Hakulitaja tena jambo lile, na mimi sikulitaja. Kwa miaka yote nimejiuliza: nilikosea neno, au nilijua? Maana nilikuwepo alipoikaza. Nilisikia ile "ka" ya springi ikishika. Sijui kama nilisikia. Tangu hapo nafunga jiko la gesi mara tatu, na barua ya kuomba kazi naisoma mara tisa kabla ya kuituma, halafu naanza kuogopa baada ya kuituma.

Nilipofika Mkolani mjomba alikuwa ameshatoa kasha sebuleni, watoto wake wanalizunguka. Nikawafukuza kwa ukali hadi wakashangaa. Nikakunja moja moja. Nzito. Nzito. Sita zote nzito, mjomba anachungulia saa. Ya saba ilikuwa ile ya Sengerema.

Ikaja nyepesi.

"Mjomba, toka. Toka nje!"

"Imekuwaje?"

"Iko macho!"

Nikaurudisha mtutu taratibu, vidole mbali, nikaielekeza bunduki kwenye gunia la vipande vya nguo alilokuwa akikalia bibi. Nikafumba macho, nikavuta kifyatulio.

Ikapumua tu. Kama mtu anayeguna usingizini.

Nilipoifungua, springi ilitoka vipande viwili, ndiyo maana mtutu ulikuja mwepesi, kutu imeshakula pale ilipovunjika. Na ngozi ya pistoni ilikuwa ngumu kama ukoko, haina tone la mafuta. Bibi hakuwa ameigusa tangu siku ile. Zile nyingine sita alizitunza mpaka mwisho. Hii aliiacha ife.

Mjomba akarudi, ameshika mlango. "Haya, sema. Imelala?"

"Hii imekufa, mjomba. Zile sita zimelala."

Akaandika kwenye karatasi ya kituo. Kasha halikuwa na harufu ya samaki tena, na paka hata mmoja hakuja. Nilikaa kwenye gunia, nikangoja aniulize mara ya pili, kama bibi alivyokuwa akifanya siku zote baada ya ajali ile, hata kwa kitu kilichofungwa kamba. Imelala, mke mwenzangu? Una hakika?

Mjomba hakuuliza. Alibeba kasha akaondoka.