Ukoko Aenda Ziwani

Wanafunzi walimbandika jina la Ukoko, naye akalivaa kama mtoto anavyovaa shati la kaka yake, mpaka likamkaa. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ndevu hazijamwota hadi zilipogeuka nyeupe, na waliomlilia dirishani aliwakwangulia ukoko wa wali chini ya sufuria. Hakuoa. Ukimuuliza sababu, angekwambia ana watoto mia nne wa kulisha, na hakuna mwanamke ambaye angeyakubali hayo.

Alikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Hakula mpaka sahani ya mwisho iondoke. Kwanza wadogo, kisha wakubwa, kisha walimu, kisha mgonjwa aliyelala bwenini apelekewe chake. Ndipo yeye anapoketi juu ya gunia la maharage, sahani mapajani, anakula kilichobaki, kimeshapoa. Tumbo lake lilizoea kusikia njaa baada ya kelele za vijiko kunyamaza.

Alipostaafu alipanga chumba nyuma ya duka la fundi vioo. Mdogo wake wa kike, ambaye wote humwita Mama Pacha, hakupenda. Kwake kulikuwa na chumba cha uani, kimepakwa rangi, kitanda kimetandikwa. Alimwambia kaka yake kwamba hatakubali aje aokotwe chumbani peke yake kama panya. Ukoko akajibu kwamba hana mpango wa kufa. Ana mpango wa kwenda ziwani kwa baiskeli. Barabara iliyopita mbele ya dirisha la jiko la shule ilikuwa ikielekea huko, na miaka yote aliitazama ikiondoka bila yeye.

Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka wakawekeana sharti. Akilifikia ziwa na kurudi salama, aachwe na chumba chake. Akirudi kabla ya kuliona, anahamia uani, na hakuna kubishana tena.

Akafunga kwenye keria ya baiskeli jiko dogo la mafuta ya taa, sufuria, mchele na blanketi, akaondoka asubuhi umande haujakauka.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu hadi jua lilipopinda. Mafundi wa gereji walimwita mzee kijana, watoto walimkimbiza wakaishiwa pumzi. Jioni alikuta mitambo ya kutengeneza barabara imeegeshwa, akamwomba mlinzi ruhusa ya kulala kando ya greda, akapewa. Akabandika wali. Mkono wake haukujua kupima cha mtu mmoja. Mchele ulivimba, ukainua kifuniko, ukaanza kumwagika.

Mlinzi alisogea akachungulia. "Mzee, wageni wako wanafika saa ngapi?"

"Wageni gani? Chukua sahani."

"Mimi nikishiba nalala, na nikilala sina kazi. Hilo lote utakula peke yako, au na greda nalo linakula?"

Wakacheka. Kisha mlinzi akazunguka upande wa pili wa mitambo, na kicheko kikaenda naye. Ukoko akapakua, akaweka sahani mbele yake, akangoja. Hakujua anangoja nini. Wali ukatoa mvuke, ukaacha. Alipolipeleka tonge mdomoni, lilikaa shavuni kama kitu cha kuazima. Akalitema kwa aibu, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Kesho yake barabara ilinyooka mno, haina hata kona ya kumpunguzia mtu urefu wa safari. Waliompita walirusha salamu, na kabla hajaitikia walikuwa wadogo huko mbele. Mchana alijikuta anaisemesha cheni, akiiuliza mbona inalalamika ilhali anayekanyaga ni yeye. Chai ya dukani ilipita. Chakula hakikupita, mchana wala jioni.

Siku ya tatu kulikuwa na mlima. Macho yaliona vumbi pasipo na vumbi. Akashuka kusukuma, na baiskeli ikamwangukia. Alikaa chini yake kitambo, gurudumu likizunguka hewani taratibu. Lori lilipita, halikupunguza mwendo.

Alijikokota hadi kwenye kibanda kitupu cha kuuzia mboga. Jioni ilikuwa inaingia. Akapika kwa mazoea tu, akapakua, akaitazama sahani. Kisha akatoa simu.

"Mama Pacha. Hicho chumba cha uani bado kipo?"

"Kipo. Umeanguka?"

"Sijaanguka. Yaani, nimeanguka kidogo. Kesho nageuza."

Dada yake alikuwa ameshinda, lakini hakucheka. Alimuuliza kama amekula. Ukoko angeweza kudanganya; akasema kweli, kwamba tangu aondoke anapika, anapakua, halafu anakaa tu kama mtu anayesubiri kengele, na chakula hakishuki.

Mama Pacha akaihamishia simu sikio la pili. Nyuma yake pacha walikuwa wakigombania ndoo. Aliwahi kumtembelea kaka yake kule jikoni, akaona jinsi alivyoketi mwisho wa wote.

"Kaka," akasema polepole, "huku tumeshakula. Pacha wamekula, baba yao amekula, mimi nimekula. Mpaka paka. Umebaki wewe tu."

Ukoko aliilaza simu juu ya ubao bila kuikata, akavuta sahani. Tonge la kwanza lilishuka. Wali ulikuwa wa moto, ukamuunguza ulimi, na alikula mbiombio kama mwizi, machozi yakimtoka, akiyasingizia moto. Alipomaliza akairudisha simu sikioni.

"Sasa nikuandalie maji ya kuoga kesho kutwa?" dada yake akauliza mwishowe.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Kwanza nilione ziwa."

Mama Pacha alishusha pumzi ndefu. "Shauri yako," akasema. "Ila kesho jioni upige. Tutakuwa tumekula."

Akakata. Ukoko alibaki na simu mkononi mpaka mwanga wake ulipozimika. Upepo ulipita kati ya mbao. Ng'ambo ya barabara hapakuwa na taa wala sauti. Aliosha sahani kwa maji kidogo, akajinyoosha sakafuni na blanketi lake. Kibanda kilikuwa kifupi kuliko yeye, miguu ikabaki nje kwenye baridi, upande wa ziwani.