Birthe, fundi wa nyaya za spika anayelihofia sikio lake la kulia

Saa mbili na nusu asubuhi mjini Randers, manyunyu yanapiga dirisha la sebule ya Egon Balslev. Birthe Nørskov amepiga magoti nyuma ya spika. Viatu kaviacha mlangoni, na soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba. Anachuna ganda la waya kwa koleo ndogo. Mikono imetulia, lakini roho iko juu.

Birthe, 58, ameajiriwa katika duka dogo la redio na spika. Huwasaidia wateja kuchagua nyaya za kuunganisha amplifaya na spika, kisha huenda nyumbani kwao kuzifunga. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na muda wote huo kipimo chake cha mwisho kilikuwa sikio. Tangu kiangazi kilichopita, sikio la kulia linamsaliti.

"Sijamwambia mtu kazini," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya, akichungulia jikoni ambako Egon anachemsha kahawa. "Nikisema, nani atanipa tena kazi ya kusikiliza? Mpishi asiyeonja, utamwachia sufuria yako?"

Dukani kwao, kama kwenye ofisi nyingi za huku, anayekosea kazini huleta keki siku ya Ijumaa. Mwezi huu Birthe kaleta keki Ijumaa tatu mfululizo. Kosa ni lile lile: waya mwekundu kaufunga penye tundu jeusi kwenye spika moja, sauti ikatoka tupu na besi ikapotea. Zamani kosa hilo alilinasa akiwa bado koridoni.

"Birthe, kama unataka kutulisha, tulishe tu, usitafute visingizio!" alimtania mwenye duka, Jeppe Lindgaard, huku akijikatia kipande cha pili.

Wote walicheka, naye alicheka nao. Jioni alikaa garini mpaka vioo vikaingia ukungu.

Leo amekuja na jozi tatu za nyaya: nyembamba, nene ya shaba, na moja iliyosukwa kwa nyuzi za fedha, ya bei ya kutisha. Kwa utaratibu wao, mteja hukaa kitini bila kujua jozi ipi imefungwa, asije akasikia bei badala ya muziki. Lakini Egon, fundi mstaafu wa injini za feri, hataki kukaa.

"Kaa wewe, mama. Mimi nimelala na injini maisha yangu yote, masikio yamebaki mapambo. We chagua, mimi nilipe."

"Utaratibu ni mteja akae."

"Utaratibu wa nani? Nyumba yangu, kiti changu."

Birthe anakaa. Kwenye rekodi, kwaya ya kanisa inaanza kuimba, na sauti inayotangulia peke yake ni ya Maren, mke wa Egon, aliyezikwa Februari. Spika hizi amezinunua kwa ajili ya wimbo huu mmoja.

Birthe anafumba macho. Anageuza kichwa kushoto, kisha kulia. Neno liko mdomoni, lile ambalo anakiri amewaambia wateja wote tangu kiangazi: safi kabisa.

Halisemi.

"Egon," anauliza, "Maren amesimama wapi? Nionyeshe kwa kidole." Spika mbili zikifungwa sawa, mwimbaji husikika kana kwamba amesimama mahali pamoja katikati yake.

Mzee anaelekeza dirishani, anahamia kabatini, kisha anaushusha mkono.

"Hayupo popote. Kama mtu anayeita kutoka vyumba viwili. Mbona hivi? Kwenye redio yangu ya zamani alikuwa hapa hapa!"

Birthe anatambaa hadi nyuma ya spika ya kulia. Waya mwekundu uko kwenye tundu jeusi. Anaugeuza, anaupiga wimbo upya, na mara hii kidole cha Egon kinakwenda moja kwa moja katikati ya ukuta.

"Pale," anasema, machozi yakimlengalenga. "Amesimama pale."

"Mimi sikusikia," Birthe anamwambia. "Sikio hili limekufa nusu. Nilikufungia vibaya, na ningeaga nikaondoka."

"Si umeshanifungia vizuri?"

"Kwa kidole chako, si kwa sikio langu."

"Basi tumia kidole! Ya nini kunililia kwenye zulia?" anafoka Egon, akimsogezea kahawa.

Wanajaribu jozi zote tatu, kidole kikiwa mwamuzi. Wanachukua ile nene ya shaba, maana njia ya kuzunguka jiko la kuni linalopasha sebule joto ni ndefu, na waya mrefu hutaka unene. Ya fedha inarudi kwenye boksi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwandishi wa makala haya anamuuliza Birthe kama haya yote yaandikwe.

"Andika," anajibu. "Ila Jeppe asiyasome gazetini kabla hajayasikia kwangu."

Jumanne ana miadi na daktari wa masikio. Anatumaini kupata kifaa cha kusikia na kubaki kazini kwa mtindo mpya: mteja asikilize na kuonyesha, yeye afunge. Hofu haijamtoka. "Jeppe anaweza kunipeleka stoo," anasema. "Na stoo hakuna muziki."

Anaketi kwenye ngazi ya nje, chini ya manyunyu, na kupiga simu. Jeppe anapokea. Birthe anakunja uso, anahamishia simu upande wa kushoto.

"Subiri, Jeppe, usikate. Nilikuweka kwenye sikio bovu. Na hilo ndilo nililokupigia."