Safari ya Bagamoyo Niliyoichora Ukutani

Hakuna jambo la dunia hii liwezalo kunishangaza mie. Nimeyaona mpaka yamenichosha. Enzi za Mwingereza niliingia Dar es Salaam kwa miguu kutoka bara, nikaponda kokoto za barabara, na darasani nilikuwa nimekaa miezi minne tu. Lakini kabla sijatimiza miaka arobaini nilikuwa na tanuri langu la chokaa, nyumba ya vyumba sita hapa Kinondoni, na pikipiki niliyoinunua kwa mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Mtaa mzima ulikuwa na pikipiki moja, nayo yangu.

Mke wangu ni mtu wa Bagamoyo. Mwaka ule zilimfikia salamu kwamba mama yake macho yanamwisha, anataka kuiona sura ya mwanawe kabla hayajazima kabisa. Akaniomba nauli ya basi.

"Basi?" nikamwambia. "Mke wangu mie akabanwe na magunia, na chombo kimesimama uani? Nitakupeleka mwenyewe."

Nisifiche, nilikuwa na langu. Siku ya posa mkwe yule alisema mponda mawe wa bara hawezi kumlisha mwanawe. Nilitaka aisikie pikipiki ikinguruma mlangoni pake, hata kama haioni vizuri.

Basi nikapanga. Kuandika kwangu shida, kwa hiyo nikachukua kaa, nikaichora njia kwenye ukuta wa uani: hapa Kawe, tunashuka kuitazama bahari, hapa Kunduchi, samaki wa kukaanga, hapa Boko, madafu, kisha mto Mpiji, tunaisukuma pikipiki hadi ng'ambo. Nikawaita watu waje waone. Kila aliyekunywa kahawa barazani kwangu aliijua safari ile kama vile kaifanya yeye.

Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu. Kwetu sie, ukitangaza safari umetangaza na mgongo wako. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, jirani yangu.

"Bwana mkubwa, kanzu mbili tu za kaka yangu wa huko Bagamoyo. Nyepesi kama unyoya."

"Lete."

Ningemkataaje? Mie mtu wa kuja, majirani ndio ukoo wangu. Nikifiwa kesho, nani atanishikia jeneza? Akaja muuza vitumbua na mbuzi ya kukunia nazi ya dada yake. Akaja mzee wa msikitini na jogoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu mpole, hata kuwika hawiki."

Mpangaji wangu akaleta godoro la sufi, akaapa linakunjika. Na kila mmoja alikuwa na siku yake: ngoja Ijumaa, vifungo havijashonwa, ngoja mwezi uandame. Nikaahirisha mara nne. Nilichoka na safari ambayo sijaianza. Mvua ikanyesha, ikafuta Boko yote ukutani.

Hatimaye asubuhi moja nikafunga mizigo, nikakaza kamba, nikarudi nyuma kutazama. Godoro limekalia kiti cha mke wangu, na jogoo juu ya godoro. Mwenyewe kasimama pembeni, kavaa buibui jipya.

"Na mie nakaa wapi, bwana?"

"Subiri kidogo, nipange upya."

"Umepanga tangu mihogo ile ya uani haijapandwa," akasema, wala hakupaza sauti. "Mama macho hayamngoji fundi cherehani. Nipe nauli. Na hiyo mizigo nipe, ya watu, haina kosa."

Mie niliyesema hakuna la kunishangaza, nikamhesabia nauli kiganjani. Nikaisukuma pikipiki na godoro lake hadi barabarani, injini imezimwa, mke wangu mbele yangu kambeba jogoo. Utingo akapandisha mizigo yote juu ya basi.

Alirudi baada ya siku tisa. Nikamwuliza kama mama alimwona.

"Kwa jicho la kushoto, tena mchana tu," akasema, akivua viatu. "Kaniambia nimenenepa."

"Na mie aliniulizia?"

"Aliuliza. Nikamwambia yuko uani, anapanga safari. Alicheka mpaka akakohoa."

Pikipiki ilinila shilingi mia nne na ishirini, na Kawe haikufika. Safari yenyewe, kwenda na kurudi, pamoja na godoro na jogoo, ilinigharimu shilingi saba na senti thelathini.