Filamu Zenye Watu Wengi

Kipaza sauti cha mkononi humtangulia mwenye kukishika. Juzi hapa Goma kimoja kilikwaruza nyuma ya ua wetu, kikakohoa, na kabla sijamwona mchuuzi nilikuwa nimesharudi kimawazo Kitshanga ya utoto wangu, miguu imejaa matope, namsubiri Papa Kalume atuambie filamu zipi zinafaa.

Baba yangu alikuwa na chumba cha video: mbao, mabenchi, televisheni moja, na harufu ya petroli iliyochanganyika na maziwa, kwa sababu wachungaji waliingia na madumu yao. Kila siku ya soko DVD mpya zilifika kwa pikipiki. Papa Kalume, aliyekimbia vita upande wa Walikale, aliziangalia asubuhi, kisha akasimama mlangoni na kipaza sauti chake kuzihukumu.

“Hii ya kwanza, muache! Bantu bawili mu pori, banapigana mupaka mwisho, hata jani haianguke. Lakini hii ya harusi, bamama, iko muzuri! Mutashiba na macho.”

Tulimcheka na kumtii. Polepole, hata hivyo, watu wakaanza kunusa kitu. Filamu ya mapigano, iwe tamu vipi, aliidharau. Tamthilia ya kuchosha aliisifu mradi tu ilikuwa na kituo cha mabasi. Kwaya, harusi, mechi za mpira, zote alizipandisha mbinguni. “Simamisha hapo,” alimwambia baba, kisha akasogea hadi pua ikaribie kioo, akapita uso baada ya uso. Halafu aliuliza: hii harusi ni ya wapi? Hii kwaya ni ya parokia gani?

Kwetu, maswali kama hayo hayakuwa ya filamu. Mama aliacha kumpa jibini. “Muntu anauliza njia na hasafiri,” alisema, “funga mbuzi yako.” Janvier, dereva wa pikipiki aliyetuletea DVD, hakuzunguka: “Uyu anachunguza bantu. Tumufukuze.” Nami nilihamia benchi la nyuma ili nione mikono yake inafanya nini gizani.

Asubuhi moja, nyuso za wanakwaya zikiwa zimesimama kwenye kioo, Janvier alizima jenereta.

“Papa, unatafuta nani mule ndani? Sema leo, ao utoke Kitshanga.”

Papa Kalume hakugeuka. Aliendelea kukitazama kioo cheusi.

“Mutoto wangu. Faida. Tulipotezana tukikimbia. Pengine atapita nyuma ya harusi ya bengine.” Akagusa nyusi yake. “Iko na kovu hapa.”

“Na juu ya nini hukusema?” baba akamwuliza.

“Ningesema, kila muntu angeniambia amemuona.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alimwona Masisi akiuza maziwa. Mwingine alimwona kambini akitwanga sombe, majani ya muhogo. Wengine walisema kwa huruma, wengine sijui kwa nini. Papa Kalume aliwasikiliza kwa jicho lile lile alilowatazamia waigizaji, akawashukuru, akarudi kwenye benchi lake. Hakuondoka.

Mpaka Janvier alipokuja na habari yake. Msichana anapikia wachimbaji wa dhahabu kule Omate, alisema. Anaitwa Faida. Halafu, kama mtu aliyekumbuka ghafla: iko na kovu juu ya nyusi.

Nilifurahi mno. Nilidhani hatimaye Papa Kalume amepata mtu wa kumwamini, maana alifunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Baba peke yake alibaki akimtazama Janvier. Ilinichukua miaka, na kukimbia kwetu sisi wenyewe, na ndugu yangu ambaye hadi leo namtafuta katika video za simu nikisimamisha kila umati, ndipo nilipoelewa. Mzee yule aliyejua chozi la uongo kabla halijadondoka hakudanganyika hata kidogo. Alikwenda hivyo hivyo. Mzazi hawezi kuikataa habari ya uongo kama hana ya kweli ya kuweka mahali pake.

Alitupatia mkono wa kwaheri mmoja mmoja, akaweka gunia begani. Janvier alimshikilia mlango wa chumba cha video kwa heshima kubwa, akamtakia safari njema, akaufunga nyuma yake, na mchana ule mweupe akaweka komeo.